Kabla ya kuvuka kwenda Wasini

Ukienda kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, angalia mwezi kwanza, nauli baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Bustani ya matumbawe ya Wasini, ile yenye daraja la mbao linalosimamiwa na kina mama wa kisiwa, ina sura mbili kwa siku hiyo moja. Asubuhi unaona miamba myeusi iliyochongoka imesimama kwenye mchanga, na vikaa vikikimbilia mashimoni. Alasiri bahari imeingia, inapita chini ya miguu yako. Panga uzione zote mbili.

Upepo nao uulizie. Kati ya Juni na Agosti kusi huwa kali. Mlango wa Shimoni, ile bahari nyembamba kati ya bara na Wasini, umekingwa na kisiwa, lakini ukitaka kuendelea hadi hifadhi ya bahari ya Kisite utalowa. Kabla mashua haijang'oa nanga, vaa jaketi la kuelea na ufunge mishipi yote. Mimi niliwahi kupewa lenye mshipi uliokatika, nikaona haya kusema. Usione haya, omba jingine.

Kutoka Mombasa unavuka feri ya Likoni, unapanda matatu ya Lunga Lunga, unashuka Kanana, kisha bodaboda mpaka Shimoni, penye mashua za kuvukia. Beba kitambulisho, maana barabara hiyo inakwenda mpakani mwa Kenya na Tanzania na askari hukagua.

Mpaka wenyewe ujue ulikotoka, kwa sababu bila hilo hutawaelewa wenyeji. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana pwani, mstari wao ukaanzia kwenye mlango wa mto Umba, unaoteremka kutoka milima ya Usambara na kumwagika baharini karibu na Vanga. Hapo karibu na mlango wa mto ndipo palipokuwa Vumba Kuu, mji wa madiwani, yaani watawala wa Wavumba, na Wavumba wenyewe walikuwa wameshahamia Vanga na Wasini zamani kabla ya mstari huo. Wana jamaa upande wa Tanga mpaka leo. Kwa hiyo usimuulize mzee wa Wasini kama yeye ni wa Kenya au wa Tanzania. Mwamkie shikamoo, kisha usikilize Kivumba chake.

Kisiwa hakina mto wala magari. Vizazi na vizazi watu wamekinga mvua kwenye majabia na mabirika, basi chukua maji yako ya kunywa, na chupa tupu urudi nayo. Viatu viwe vya soli ngumu, mawe ya kule yanakata. Kina dada wachukue leso ya kujitanda, na akina kaka wasipite mitaani vifua wazi, nyumba zimekaribiana na milango huwa wazi. Chakula kiagize mapema, ukishuka tu mashuani: nazi inakunwa pale pale.