Majani ya nyanya yakibadilika wakati wa maua: kutambua tatizo ndani ya kitalu nyumba

Nyanya ikianza kuchanua, ulaji wake hubadilika. Huvuta potasiamu kwa wingi, na matunda machanga huanza kuyanyang'anya majani ya chini chakula. Rangi ngeni hujitokeza wakati huohuo, na wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa kabla ya kujua wanatibu nini. Usinunue kitu hadi ujue tatizo limeanzia sehemu gani ya mmea. Rangi hudanganya kuliko mahali ilipoanzia.

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu mmea huweza kuzihamisha kutoka jani kuukuu kwenda sehemu changa, kwa hiyo zikipungua dalili huanzia chini. Kalsiamu, boroni na madini ya chuma zikishatua kwenye jani hazihami tena. Upungufu wake huonekana juu, kwenye majani yanayochipua.

Kagua asubuhi, maana jua la mchana hulegeza hata mmea wenye afya. Beba lensi ya kukuza mara 10 na karatasi nyeupe. Pita mistari kadhaa, ya mlangoni na ya katikati, na kwenye kila mmea utakaosimama tazama majani matatu: changa la juu, lililo jirani na kishada kinachochanua, na la chini. Geuza kila moja uone mgongo wake. Dalili zikifanana mstari mzima, shuku maji au mbolea. Zikianzia kona moja au kwenye mimea michache kisha kusambaa, shuku mdudu au ugonjwa.

Tuanze na njano ya chini. Jani likiwa njano lote, pamoja na mishipa yake, hiyo ni naitrojeni iliyopungua. Ila majani mawili matatu ya chini kabisa kuzeeka wakati matunda ya kwanza yanajaa ni kawaida. Yaondoe, usiongeze urea. Mishipa ikibaki kijani huku nafasi za katikati zikigeuka njano, hapo ni magnesiamu, na kwa nyanya inayozaa huu ndio upungufu unaojitokeza mara nyingi. Mara nyingi chanzo chake ni potasiamu iliyozidi: mkulima kaongeza mbolea ya matunda, nayo inaizuia mizizi isichukue magnesiamu iliyopo. Punguza potasiamu kwanza. Kisha pulizia magnesiamu salfeti, gramu 10 hadi 20 kwa lita, yaani gramu 200 hadi 400 kwa bomba la lita 20, jioni jua likishapoa. Rudia baada ya wiki mbili.

Kingo za majani makuukuu zikiungua kahawia wakati katikati bado kijani, inaweza kuwa potasiamu imepungua, lakini chumvi iliyozidi nayo huunguza kingo. Tazama udongo kuzunguka tundu la mpira wa matone. Ukiona utando mweupe, chumvi imejikusanya. Pima EC ya maji ya mbolea, yaani kiasi cha chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Kwa nyanya inayochanua, 2 hadi 3.5 mS/cm inatosha. Ikizidi, mwagilia maji matupu hadi chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi maji hayatuami kwenye udongo.

Juu ya mmea, jani changa lililopauka karibu na weupe huku mishipa yake ikibaki kijani lina njaa ya madini ya chuma. Usidhani udongo hauna chuma. Mara nyingi pH, kipimo cha uchachu wa udongo, imepita 7, au mizizi imekosa hewa kwa maji mengi. Ukinunua mbolea ya chuma kwa udongo wa pH ya juu, chagua yenye EDDHA, kibebaji kinachoshikilia chuma kisigande udongoni. Ya EDTA huishiwa nguvu hapo. Kuhusu kalsiamu, kitako cha tunda kikioza cheusi, sababu kubwa ni umwagiliaji wa kukatakata. Na usichanganye kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti kwenye tangi moja la mbolea nzito: huganda kuwa chembe nyeupe na kuziba matone yote.

Majani yaliyojikunja huwachanganya watu kuliko yote. Ya chini yakijikunja kuelekea juu, yakawa magumu lakini kijani kizuri, ni joto, maji mengi au umepogoa kupita kiasi. Mmea utazaa tu. Ya juu yakidumaa, yakakunjika kama kikombe, kingo njano na maua yakipukutika, hicho ni kirusi cha rasta kinachosambazwa na inzi weupe. Hakina dawa. Ya juu yakiwa membamba, yamejipinda kama kamba, uliza bomba lako lilitumika wapi mara ya mwisho. Mabaki ya kiuagugu cha 2,4-D kilichopulizwa shamba la mahindi yanatosha kuharibu nyanya. Bomba la kiuagugu liwe la kiuagugu peke yake.

Vitone vidogo vya njano vilivyosambaa kama vumbi: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Punje zikitembea, ni utitiri mwekundu. Dawa za jamii ya pairethroidi huua maadui zake na kumwacha aongezeke, kwa hiyo tumia kiuatitiri chenyewe, ukilenga mgongo wa jani. Shina na majani ya chini yakigeuka rangi ya shaba na kupanda juu, bila utando wowote, huyo ni utitiri mwingine asiyeonekana kwa macho; salfa humdhibiti, ila usiipulize joto likizidi nyuzi 30 kwani itaunguza majani.

Ukiona njia ndani ya jani, lishike jani lielekee jua. Mstari mwembamba unaozungukazunguka ni wa kidomozi wa kawaida, mdudu anayechimba ndani ya jani. Baka pana lenye uwazi, na ndani yake kiwavi na kinyesi cheusi, ni kantangaze, aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014. Huyu akifika maua atafika na matunda, basi usisubiri.

Baka la njano juu na ukungu kama mahameli ya kijani-kahawia chini yake ni ugonjwa wa unyevu uliofungiwa. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 85, hakuna dawa itakayoshinda. Fungua pande za kitalu, punguza majani ya chini, mwagilia asubuhi. Baka lenye duara ndani ya duara ni bakajani wahi.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na udongo wa mizizi yake, uweke kwenye mfuko papo hapo, na usafishe kisu kabla ya kugusa mwingine.

Unapotibu, badilisha jambo moja tu kwa wakati na usubiri siku 7 hadi 10. Jani lililoharibika halirudi kijani. Angalia yale yatakayochipua.