Unataka kwenda kulinda sili Norfolk? Soma hii kabla hujavaa buti

Tangu niweke zile picha za watoto wa sili kwenye status simu haipumui, kila mtu anataka kuja kujitolea, na wengi mnaouliza mko huku huku Uingereza, Norwich, Leicester, mpaka dada mmoja yuko Cardiff. Karibuni sana, ila sitaki mtu aje kichwakichwa kama nilivyokuja mimi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja na msinipigie tena saa sita usiku.

Kwa ambao hamjawahi kumwona, sili ni mnyama wa baharini mwenye manyoya, sura kama mbwa aliyenyimwa masikio, anawinda samaki huko majini halafu anatoka mchangani kupumzika na kuzaa. Wa kwetu hapa Horsey na Winterton, vijiji vya pwani ya Norfolk mashariki mwa England, ni sili wa kijivu, na katika sili wa kijivu wote duniani kama theluthi moja wako Uingereza. Wanazaa kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Januari, yaani baridi lile lile ambalo wewe unatafuta sababu ya kutotoka ndani, wao ndo wanatafuta pa kujifungulia. Kwa hiyo ukinambia unaweza kuja Julai tu, asante, kaa nyumbani.

Nguo: vaa zote ulizonazo. Sitanii. Soksi za sufu, buti za mpira ziwe kubwa kidogo ili soksi ya pili iingie, koti la kuzuia upepo na sio lile la kupendezea mjini, glavu jozi mbili mana moja italowa. Chai kwenye chupa. Choo kiko mbali, kina mama mpange mapema. Tochi usiache, Desemba huku saa tisa na dakika arobaini alasiri jua limeshazama na bado una kutembea kurudi kwenye gari.

Halafu mjue kazi yenyewe. Watu wanadhani unaenda kukaa na wanyama, hapana, unaenda kukaa na binadamu. Unasimama juu ya vilima vya mchanga kwenye kamba ya kuzuia watu wasishuke kwa sili, umevaa reflekta unarudia maneno yale yale kutwa, usishuke, mfunge mbwa kamba, mita 10 tafadhali, hapana huwezi kupiga selfi nae. Ukiona mtoto anarusha ile sahani ya plastiki yenye tundu katikati mwambie mzazi aiweke mfukoni, mana ikiangukia baharini sili anaichezea, inaingia shingoni, na yeye anazidi kukua ila ile plastiki haikui. Nimeshaona mmoja kidonda kimemzunguka shingo nzima kama kakatwa na waya, nyama nyekundu inaonekana kwa darubini, na hukaribii kumsaidia mana akikuona tu anarudi majini nacho.

Mtoto ukimkuta peke yake hajatupwa, hii muishike. Kazi ya mama sili ni ya haraka, ananyonyesha kama wiki mbili na nusu tu basi, maziwa yake zaidi ya nusu ni mafuta matupu, mtoto anazaliwa na kilo kama 14 na anaongeza karibu kilo 2 kila siku mpaka anakuwa kama gunia limefungwa vibaya. Katikati ya hapo mama anaweza kuwa majini anakuangalia wewe, anasubiri uondoke. Usipoondoka na yeye harudi. Na yale machozi mnayoyaona kwenye picha sio kilio, sili hana kile kimfereji cha kupeleka machozi puani kama sisi, yanamwagikia usoni tu muda wote. Mtaelezea hilo mara mia kwa siku, muwe na subira. Ile sauti yao lakini, kusema kweli, mara ya kwanza niligeuka nikidhani kuna mtu kaacha kichanga.

Ukiumwa na sili, hata mkwaruzo mdogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme kwa mdomo wako kwamba ni sili. Kuna maambukizi yao yanavimbisha kidole mpaka kiungo kinakakamaa, na penisilini haiyagusi, wanatumia dawa za jamii ya tetrasaiklini. Daktari asipojua ni sili atakutibu kama umeumwa na paka.

Sasa njoo kwenye maji. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi mtoto wa Tanga. Mjomba wangu mvuvi, nimekua najua bamvua, yaani maji yanapojaa sana, na maji mafu, yaani yanapojaa kidogo tu, kabla sijajua kusoma, unaangalia mwezi unajua leo bahari itafika wapi. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza kwenye semina walipofika sehemu ya maji kupwa na kujaa mimi nilikuwa nachat. Kweli kabisa. Nikasema moyoni hawa wazungu watanifundisha nini mimi kuhusu bahari.

Siku yenyewe tulitumwa wawili kushuka chini ya kamba kwenda kuhesabu, mimi na mzee mmoja mstaafu, mtu mpole, anatembea na fimbo. Unapita kwenye mwanya kati ya vilima, unaambaa chini ya vilima unahesabu waliozaliwa wapya, unarudi kwa mwanya ule ule. Mzee akauliza, maji vipi leo? Nikamwambia usijali, mwezi siku ya nane, maji mafu hayo, hayafiki popote, mi nimekulia baharini. Akaniamini! Na upepo ulikuwa unavuma toka usiku, wa kaskazini magharibi, ule wa kukusukuma mgongoni mpaka unatembea bila kupenda, mimi nikauona ni wa baridi tu nikavuta kofia.

Ambacho sikujua ni kwamba bahari ile ya Kaskazini kule juu ni pana na huku chini inabana kama faneli, upepo wa upande huo ukivuma muda mrefu unayasukuma maji yote kuja kujazana pwani hii, mwezi useme usiseme. Kwetu kaskazi ni upepo wa majahazi na embe. Huku kaskazini inakuletea bahari mlangoni.

Tulikuwa tumefika kama watoto arobaini na kitu kwenye hesabu nikasikia mzee kanyamaza. Nageuka, ule mchanga mpana tuliopita haupo. Na hapa ndo penyewe, mana hatari haikuwa maji peke yake, maji yanapopanda sili nao wanapanda. Kila mama anavuta mwili kuja juu, watoto wanalia, wote wanakuja kule kule kwenye vilima tuliposimama sisi, na kwenye mwanya wetu wa kutokea kalala dume. Dume la sili wa kijivu linafika kilo 300 jamani, shingo imekunjamana makovu, linafungua mdomo linatoa sauti kama mtu anavuta meza kwenye sakafu. Mbele dume, nyuma maji, pembeni ukuta wa mchanga umekatika wima, ukishika unamomonyoka wote unakuja na wewe.

Wokitoki ninayo. Unajua sikuita? Dakika kumi nzima sikuita, kwa aibu.

Wimbi moja likaleta mtoto mpaka kwenye buti zangu. Mweupe, kalowa, yale manyoya yao meupe ni ya nchi kavu, yakilowa baridi inapita moja kwa moja, anatetemeka ananiangalia. Mikono inawasha kumnyanyua. Mzee akaniambia kwa upole, don't, na huko nyuma yake mama anakuja anapigapiga pezi majini, tukajibana kwenye mchanga tusipumue mpaka akamfikia akamnusa akamkingia mawimbi kwa mwili wake. Maji yashaingia kwenye buti. Mzee ndo ananihadithia sasa, kama tuko kwenye basi, kwamba tarehe 5 Desemba 2013 bahari ilipanda hivi hivi kwa upepo, watoto wa sili wakasombwa hapa hapa, na pale Hemsby, kijiji cha jirani tu, nyumba za watu zikadondoka baharini. Na 1953 ndo usiseme, mafuriko ya usiku mmoja yaliua watu 307 England.

Nikaita. Kiongozi wetu akaja juu ya kilima akatuambia tusisogee kabisa, akawaondoa watu wote waliokuwa wanapiga picha ili dume lisichokozwe, na tukasubiri. Saa moja na nusu. Maji yakaanza kupwa, jike mmoja akapita na lile dume likamfuata kama halijawahi kutujua. Sikugombezwa, bora ningegombezwa. Aliniuliza kitu kimoja tu, uliangalia upepo? Nikajibu niliangalia mwezi. Mzee wangu alilala na homa siku nne, nikampelekea supu ya kuku, na akasema tukirudi yeye ndo ataangalia maji.

Kwa hiyo kabla hujashuka: jedwali la maji la siku hiyo, halafu upepo unatoka wapi na umevuma tangu lini, halafu onyo la mafuriko la serikali, vyote vitatu, hata kama wewe ni wa Lamu au Unguja au Mafia na babu yako alijenga ngalawa. Ukiwa na shaka unahesabia juu kwa darubini, hesabu ikikosea kumi haijaua mtu. Mwanya wa kutokea uwe na wa pili. Na wokitoki ni ya kuita, sio pambo.

Vingine vidogo vidogo. Usije na mafua ukamwambukiza mwenzako mzee. Picha weka, ila usitaje mwanya gani kuna mtoto mchanga, watu watajaa kesho yake. Ukikuta sili mgonjwa au ndege wamekufa ufukweni usiguse, toa taarifa. Barafu asubuhi kwenye zile njia ndogo za kijijini inateleza vibaya, endesha taratibu. Usigombane na mwenye mbwa, mwite kiongozi. Na funguo za gari weka mfuko wa ndani wenye zipu, zangu za mwaka juzi nadhani mpaka leo kuna dume linazilalia.