Kufanya kazi kwenye kituo cha wanahabari, mkutano wa Umoja wa Afrika (AU) Addis Ababa

Fika mapema ushike meza iliyo karibu na umeme. Soketi nyingi za Ethiopia hupokea plagi ya pini mbili za duara. Ile ya pini tatu ya Nairobi au Dar haiingii, kwa hiyo beba adapta na ekstensheni. Wi-Fi usiitegemee: marais wakianza kuhutubia, kila mtu anarusha video na mtandao unakwama. Omba waya wa intaneti.

Sauti ichukue kwenye kisanduku cha kugawia sauti, kwa waya wa XLR (ule wa maikrofoni, wenye pini tatu). Angalia kinatoa LINE (sauti yenye nguvu) au MIC (sauti hafifu kama ya maikrofoni), kisha weka kinasa sauti vivyo hivyo. LINE ikiingia kwenye MIC, sauti hupasuka, na hapo hakuna mhariri wa kuiokoa. Kati ya chaneli za sauti za mkutano, ile ya ukumbini hutoa lugha ya msemaji mwenyewe. Nyingine ni za wakalimani.