Jinsi ya kutengeneza kanga ya matusi ya mtandaoni, yenye sauti

Anayekuvalia kanga ya kijembe hupita mbele yako, na uso wake unauona. Anayekutukana mtandaoni humwoni hata kivuli. Kazi hii inayarudisha matusi hayo kwenye nguo, yasomwe na mtu aliyesimama katikati ya watu.

1. Kusanya. Piga picha za skrini za maoni uliyoandikiwa wewe. Ya mwenzako usiyaguse bila ruhusa yake. Mimi nilianza na 40, yote chini ya picha yangu moja ya harusini. Futa majina ya waandishi. Sheria za taarifa binafsi zipo (Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022), lakini sababu yangu ni nyingine: kazi ikianza kuwasaka watu, nayo imeingia kwenye genge lile lile.

2. Chagua jina la kanga. Hapa usiwe na haraka. Jina la kanga ni fupi, maneno matano au sita, kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Katika yale 40 lilinifaa moja tu: SULA KAMA SUFULIA LA MSIBANI. Usisahihishe tahajia! Ile "sula" ndiyo inayoonyesha kidole kilivyokimbia, bila hata kujisomea mara ya pili.

3. Chapa. Kata kitambaa cha marekani vipande viwili vya sentimita 150 kwa 110, yaani doti. Fua kwanza kuondoa wanga, la sivyo rangi haishiki; kipande changu cha kwanza kilibanduka chote. Chonga herufi kwenye filamu kuukuu ya eksirei, kisha gongagonga rangi ya vitambaa kwa sponji iliyokaribia kukauka. Pindo na mji chora maua ya kawaida, mazuri kabisa. Ikikauka, piga pasi kwa nyuma.

4. Sauti. Mwanzo nilimrekodi kijana akifoka, watazamaji wakacheka. Nikamwomba shangazi asome taratibu, kama anayesoma barua iliyotoka kijijini. Alipofika "msibani" akanyamaza kidogo, akauliza, "Hii wamekuandikia wewe?" Swali hilo sikulikata. Rekodi chini ya shuka nzito kupunguza mwangwi, weka ijirudie kwenye simu kuukuu, uishonee mfukoni nyuma ya pindo. Sauti iwe ndogo, mtu asogeze sikio ndipo asikie.

5. Tundika. Kamba ya nguo na vibanio vinatosha, jina likiwa usawa wa macho. Kipande cha pili cha doti kitundike kando yake, kisanduku chake kikiwa kitupu.

Usiache kalamu karibu. Mimi niliiacha siku ya ufunguzi, nikidhani watu wataandika pole. Kufikia saa kumi jioni kisanduku kilikuwa na matusi mapya matatu, moja likimhusu shangazi.