Ukishatubu, shukuru kabla hujaomba kingine

Unapotubu, itaje dhambi kwa jina lake: "nilimdanganya fulani kuhusu zile pesa", si "nisamehe makosa yangu yote". Kisha, kabla hujaomba jambo lingine lolote, soma Zaburi 32 kwa sauti na umshukuru Mungu kwa kukusamehe dhambi hiyohiyo. Wengi huishia mstari wa 5, penye kuungama, wakainuka na uzito uleule. Furaha iko mstari wa 7 na wa 11. Toba ya jumla huzaa shukrani ya jumla, na moyo haujui umefunguliwa kifungo gani. Njia hii hukwama ukiwa bado umeshikilia cha mtu. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu (Luka 19:8). Huna cha kurudisha leo? Basi mpigie simu mwenye mali, mpangane tarehe.