Jinsi daktari anavyoweza kuyaweka wazi maslahi yake kabla mgonjwa hajaamua

Mwongozo huu nimewaandikia madaktari wenzangu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa ujumla, hasa wale ambao asubuhi huwa zamu katika hospitali ya serikali au ya dini na jioni hukaa kwenye kliniki binafsi Nyegezi, Igoma au katikati ya mji. Kufanya kazi sehemu mbili peke yake si kosa, na kuwa na mgongano wa maslahi hakumfanyi mtu kuwa mwizi. Ni hali ambayo uamuzi unaopaswa kumfaa mgonjwa unamgusa daktari mfukoni, kwenye cheo chake au kwenye jina lake. Tatizo linaanza pale mgonjwa anapokuwa mtu pekee chumbani asiyelijua jambo hilo.

Nimelijua hili kwa kuumia. Kwa miaka michache nilikuwa na hisa katika maabara moja ya mjini. Mama mmoja alivuka kwa meli kutoka Ukerewe, nikamwandikia kipimo cha utrasaundi, akaenda kupima palepale nilipomwelekeza. Kesho yake alirudi kwangu, kwa sababu mhudumu wa mapokezi alimwambia kwamba maabara ile ni “ya dokta”. Kipimo kilihitajika, bei ilikuwa ya kawaida na majibu yalikuwa sahihi. Aliniuliza kwa upole kama kweli kilihitajika, na nilipofungua mdomo nikagundua kwamba sina jibu ambalo angeweza kuliamini tena. Maelezo yaleyale kama ningeyatoa siku moja kabla, yangetosha.

Kwa hiyo anza na daftari, kabla hujaanza na mgonjwa. Andika kila kitu ambacho mgonjwa, akikijua baadaye, angekuuliza kwa nini hukumwambia: hisa katika maabara au kliniki, duka la dawa lenye jina la mke, mume au ndugu, posho ya kuzungumza kwenye semina ya kampuni ya dawa, nauli na hoteli ya kongamano, ada ya ushauri, fedha za utafiti. Andika mwaka na kiasi. Fomu ya pamoja ya kutangaza maslahi inayotumiwa na majarida ya tiba humtaka mwandishi aangalie miezi 36 iliyopita kwa sehemu kubwa ya maswali yake, nami nakishauri kipimo hicho hata kwa daktari ambaye hajawahi kuandika makala, kwa sababu kinamzuia kujidanganya kwamba la mwaka juzi limekwisha.

Usiviruke vitu vidogo. Wengi wetu husema kwamba chakula cha mchana kilicholetwa na mwakilishi wa kampuni hakiwezi kubadili kalamu ya daktari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliochunguza madaktari 279,669, ulikuta kwamba hata mlo mmoja, ambao kwa wastani ulikuwa na thamani isiyofika dola 20, uliendana na kuandikwa zaidi kwa dawa ya kampuni iliyolipia mlo huo. Kuendana si uthibitisho kwamba mlo ndio sababu, lakini inatosha kutufanya tuuandike kwenye daftari. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2001, uliwauliza madaktari walio mafunzoni kama matangazo ya kampuni yanawaathiri: asilimia 61 walisema wao hayawaathiri, ilhali ni asilimia 16 tu waliosema hivyo kuhusu madaktari wenzao. Kila ninapojiona niko salama huikumbuka tofauti hiyo.

Maslahi yasiyo ya fedha nayo yana nafasi yake daftarini: kumpa rufaa mgonjwa kwa rafiki wa karibu, kutetea mbinu ya upasuaji iliyokupa jina, au kutathmini kazi ya mtu mnayegombea naye cheo.

Sasa mgonjwa. Mwambie kabla ya kuandika karatasi ya kipimo, akiwa bado ameketi mbele yako, kwa maneno anayoyatumia nyumbani. Mimi husema hivi: “Mama, kabla hujaamua, kuna jambo linalonihusu mimi. Kipimo hiki kinafanyika sehemu tatu. Mojawapo mimi ni mmoja wa wenye mali, ukipima pale ninapata fedha. Nitakuandikia majina yote matatu na bei zake, na popote utakapopima, majibu nitayasoma vilevile.” Kama mgonjwa ni Msukuma au Mkerewe ambaye Kiswahili kinampa shida, tafuta mfanyakazi anayekijua Kisukuma au Kikerewe vizuri na uhakikishe neno la fedha halipotei njiani, kwa maana wakalimani wetu, kwa heshima waliyonayo kwa daktari, hupenda kulilainisha.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Wagonjwa wengi watakujibu, “Wewe ndiye unayejua, dokta.” Jibu hilo usilichukue kama ruhusa. Mtu aliyelipa nauli ya meli na kulala kwa shemeji Igogo hana nguvu ya kukupinga, na ukimweleza maslahi yako bila kumpa njia nyingine ya kweli, umemwongezea mzigo wa kukufurahisha. Liko jaribio lililochapishwa mwaka 2005 ambalo washauri walilipwa zaidi kadiri mtu waliyemshauri alivyokadiria juu kiasi cha fedha kilichomo kwenye chupa. Maslahi yao yalipotangazwa, ndipo walipotia chumvi zaidi, kana kwamba kutangaza kumewapa kibali. Ndiyo sababu ninasisitiza mambo mawili pamoja na maneno: karatasi yenye majina na bei za sehemu nyingine, na, pale kipimo au upasuaji unapokuwa wa gharama kubwa, maoni ya daktari mwingine asiye na hisa popote. Kisha andika kwenye faili la mgonjwa kwamba umemweleza, tarehe gani, na amechagua nini.

Ukiwa mtafiti na pia tabibu wa mgonjwa huyohuyo, sharti ni kali zaidi. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka mshiriki aelezwe chanzo cha fedha, mgongano wowote wa maslahi unaowezekana na taasisi anayoitumikia mtafiti. Mkoa huu una historia ya kujivunia katika utafiti. Kazi iliyochapishwa mwaka 1995 ilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono katika vijiji vya Mwanza kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Wanakijiji walikubali kushiriki, na imani hiyo haifai kutumiwa vibaya. Fomu ya ridhaa isainiwe mbele ya mtu ambaye si wewe, na mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba akikataa, kliniki yake inaendelea kama kawaida.

Katika kamati ya dawa ya hospitali, tamka maslahi yako mwanzo wa kikao, yaandikwe kwenye muhtasari, kisha toka nje dawa hiyo inapojadiliwa. Kubaki kimya kwenye kiti hakutoshi, kwa sababu wadogo wako kazini wanakuona.

Yapo pia mambo ambayo kuyatangaza hakuyasafishi. Kulipwa kwa kila mgonjwa unayempeleka maabara fulani, au kwa kila boksi la dawa unaloandika, hayo ni ya kukataa kabisa, na ukiyaeleza kwa ufasaha wa kiasi gani bado hujayafanya halali. Marekani na Ufaransa zimeweka hazina za wazi ambako mwananchi hutafuta jina la daktari na kuona alicholipwa na kampuni. Ile ya Marekani ilifunguliwa mwaka 2014. Sisi tusisubiri mfumo kama huo ili kuanza.

Na ukigundua umesahau, rekebisha upesi na kwa maandishi. Makala ya daktari wa Uingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998 kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji, haikueleza kwamba alikuwa akilipwa kupitia mawakili wa wazazi waliotaka kuzishtaki kampuni za chanjo. Jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, miaka 12 baadaye, wakati hofu ya chanjo imeshaenea duniani. Kwa mgonjwa, mpigie simu au mwite, mweleze ulichopaswa kumweleza, mpe maoni ya daktari mwingine bila malipo, na uandike mazungumzo hayo kwenye faili lake. Mimi nilimpigia yule mama wa Ukerewe wiki iliyofuata. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba majibu yake ili ayapeleke kwa daktari mwingine. Nilimpa siku hiyohiyo, na hisa zangu nikaziuza kabla mwaka haujaisha.