Kabla ya Kuvuka Kasumbalesa Kwenda Kuhubiri

Vakansi ya mwezi wa saba ikikaribia, utasikia kila korali ya Lubumbashi ina safari: juma moja Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kusaidia kanisa fulani la kijijini. Ni kazi nzuri. Ila wengi wanaandaa mahubiri na sare tu, mengine wanamwachia Bwana, na Bwana hawajazii fomu za uhamiaji. Haya msome kundi zima, asiyasome kiongozi peke yake.

Karatasi kwanza. Jina la kwenye pasipoti na la kwenye barua ya mwaliko yafanane herufi kwa herufi. Barua itoke kwa kanisa linalowapokea, iwe na namba ya mtu ambaye kweli atashika simu wakati ninyi mmesimama dirishani. Mtoto asiyetimiza miaka 18 abebe idhini ya wazazi iliyoandikwa. Kusema "huyu ni wa shangazi yangu" hakutoshi.

Kadi ya njano nayo ina hesabu yake. Chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Alhamisi ili avuke Jumapili anajidanganya. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Mama mwenye kadi ya zamani asihangaike kutafuta nyingine. Kadi ya kununua bila sindano, hapana. Utafika pale useme umekuja kuhubiri kweli?

Dola zisiwe na mchaniko. Kama mzee wenu amehifadhi kwacha za zamani zenye sufuri nyingi, aziache nyumbani, maana sufuri tatu zilikatwa mwaka 2013. Unga msibebe: wa kwetu mwingi unatoka huko huko, mtakuwa mnapeleka maji mtoni. Nunueni mjini Chingola, kule Zambia, mfike nao kijijini, msingoje mama wa watu apike bukari, yaani ugali, ya watu ishirini kwa unga wa watoto wake. Soketi zao ni za meno matatu ya bapa. Magari yanapita kushoto, basi shikeni watoto mkono mnapovuka barabara. Wamama, bikwembe viwili vya kujifunga kila mmoja. Dawa ziwe kwenye maboksi yake pamoja na karatasi ya daktari, na muulize mfamasia kabla, kwa sababu dawa nyingine za mafua na za kuwashwa zinazouzwa hapa bila maswali, hasa zenye difenhidramini, Zambia zinadhibitiwa na zinaweza kukufikisha polisi.

Wenye Kibemba watangulie mbele. Kifaransa chetu kinaishia mpakani.

Halafu punguzeni kujiona. Zambia ilitangazwa taifa la Kikristo na Rais Frederick Chiluba mwaka 1991. Hamwendi kuwasha taa gizani. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, huku kwetu Katanga, kwa mfalme Msiri mwaka 1886 akakaa mpaka 1888. Sisi tunalala siku chache, tunarudi tunaitwa wamisionari.

Sasa hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Msipime nyumba ya mtu.

Tulikuwa kijiji kimoja nyuma ya Chingola, tukapelekwa kumwombea mjane. Nyumba ya matofali mabichi, paa la nyasi, limelegea upande wa jikoni. Papa mmoja wa kundi letu, fundi seremala, mtu mwema kabisa, akatoa futi yake mfukoni. Akapima urefu, akapima upana, na mjane mwenyewe ndiye aliyemshikia ncha ya futi pale kwenye kona. Papa akahesabu kwa sauti, akaandika kwenye daftari: bati 22, misumari kilo kadhaa. Hakuahidi kitu. Ukimwuliza hata leo atakwambia alikuwa anataka tu kujua, kama fundi. Tukaomba, tukaimba, tukapanda basi.

Yule mama hakukata nyasi mwaka ule. Majirani walikata, wakafunga mizigo, wakatengeneza mapaa yao kiangazi kikiwa bado. Walipomwambia, aliwajibu bati zinatoka Kongo. Anayejua nchi hii anajua kinachofuata: mwezi wa nane na wa tisa moto unapita porini, na baada ya moto hakuna nyasi ya kukata, hata ukienda mbali. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilimkuta vile vile. Pasta wa pale akakopa plastiki dukani, akaitandaza juu ya paa na kuigandamiza kwa mawe.

Sisi tulijua lini? Krismasi, tulipopiga simu kusalimia. Pasta alituuliza kwanza habari za watoto, za kazi, za korali. Ndipo akasema, "Papa yule aliyepima, yuko mzima?" Kanisa letu likachanga, bati zikafika katikati ya masika, na likazuka lingine: mbona yeye, mbona si kwa fulani ambaye naye ni mjane? Pasta yule alijibu maswali hayo miezi mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo kumsaidia kujibu.

Kwa hiyo, futi ibaki nyumbani. Daftari likae kwenye mkoba mnapotembelea watu. Usiulize ada ya shule ya mtoto ni kiasi gani kama huna mpango wa kuilipa, usipige picha ya choo kilichobomoka, usichukue namba ya simu ya kila anayekulilia. Mkiwa na kitu cha kutoa, mwulizeni pasta na wazee wa pale kabla hamjaondoka Lubumbashi. Kipite mikononi mwao, na kiwe tayari kwenye basi. Ambacho hakiko kwenye basi kisitajwe, hata katika maombi. Najua mtasema ni ukali. Mwombeeni mtu afya na amani, zinatosha.

Mengine ni ya kawaida. Msipige picha mpakani. Maji ya kunywa chemsheni, chandarua kila mtu na chake. Kijana asitoke peke yake na binti wa wenyeji, hata kwenda kuchota maji. Kasumbalesa ni kilometa 90 hivi tu, lakini foleni ya malori ya shaba haina huruma, ondokeni alfajiri. Mkikawia mpakani msiendeshe usiku. Laleni Chililabombwe, mji ulio karibu na mpaka upande wa Zambia, na feza ya usiku huo iwe imetengwa tangu mwanzo, isitoke kwenye sadaka.